Wakuu kuna aliyewahi kufika Jamaica?

Mtoto wa Mbozi: Habari zenu wakuu, nipo Vwawa huku nalima kahawa, juzi jamaa mmoja kasema kahawa ya Jamaica ile ya Blue Mountain inauzwa bei ya kufuru, mi nilijua kule ni bichi na rege tu, kwani milima ipo? Na mtu akienda anakula nini, ugali upo?

Baridi ya Uyole: Ipo mkuu, kilele chake mita 2,256, kwa Rungwe yetu bado mtoto ila ukungu ndo huohuo. Kahawa wanapakia kwenye mapipa ya mbao sio magunia, na Wajapani ndo wateja wakubwa miaka nenda rudi. Watalii wengi wala hawapandi huko, wanajazana Montego Bay na Negril kuota jua.

Mama Tukuyu: Nimekaa Kingston miezi minne mwanangu. Unga wa mahindi wanapikia uji asubuhi, callaloo yao ni mchicha kabisa, mihogo wanafanya mkate unaitwa bammy, basi sikukonda. Ila ackee kuwa makini, lile tunda lisipopasuka lenyewe mtini ni sumu. Na lugha yao ya patwa wakiiongea haraka hushiki kitu, hata kama Kiingereza unakijua.

Mtoto wa Mbozi: Shikamoo mama, asante. Sasa mapipa ya mbao huku tunayatoa wapi 😂 Na niende mwezi gani?

Mama Tukuyu: Marahaba. Nenda Januari, Juni mpaka Novemba ni msimu wa vimbunga.