Wenye gym, pleti za kilo 1.25 ziko wapi? Wateja wakikimbia mnasema watu wavivu

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wenye gym na makocha wao, hasa hizi za mtaani zinazotoza hela ya mwezi mzima kabla hujagusa chuma. Vioo ukuta mzima, spika za kupasua masikio, mabango ya maneno makali kila kona. Ukitafuta pleti ya kilo 1.25, yaani kile kisahani cha chuma cha kuongeza uzito, hakuna. Ndogo kuliko zote ni ya kilo 5. Ile ya 2.5 ikiwepo basi ni moja, nyingine inazuia mlango usijifunge.

Halafu mteja akipotea mwezi wa pili mnapandisha status: watu hawana nidhamu. Nidhamu gani? Fanyeni hesabu kwanza.

Mtu anasukuma baa (kile chuma kirefu kinachovalishwa pleti) juu ya kichwa kilo 30, seti 3 za mara 5, yaani anasukuma mara 5, anapumzika, anarudia hadi zitimie seti 3, safi kabisa. Siku inayofuata anatakiwa aongeze kidogo. Kwa pleti zenu za 5, moja kila upande, anatua 40. Theluthi nzima imeongezeka kwa siku moja! Kwa za 2.5 anafika 35, nayo bado ni asilimia 17 hivi. Kwa za 1.25 anafika 32.5 na anaiweza. Kwenye mashindano ya kimataifa ya kunyanyua vyuma, watu wanaopandisha zaidi ya kilo 200 juu ya kichwa wanaruhusiwa kuongeza hata kilo 1 tu kati ya jaribio na jaribio. Ninyi mnamrusha kilo 10 dada aliyeanza juzi, akikwama mnamwambia "kaza". Wiki tatu anakaza palepale, anaamini mwili wake ndio mbovu, anaaga. Huyo mmemfukuza wenyewe.

Na asipokwama kwa pleti, atakwama kwa kocha. Jumatatu anampa skwati (kuchuchumaa na baa mabegani), wiki inayofuata anamhamishia kwenye mashine, ya tatu anamrusha kamba, eti misuli inatakiwa ishangazwe. Misuli haishangazwi, inaongezewa mzigo. Ukibadilisha zoezi kila wiki huwezi kujua kama mtu amepata nguvu au ameuzoea tu uchovu. Nina shaka makocha wengi wanapenda hivyo kwa sababu bila daftari la kuandika uzito wa kila siku hakuna atakayewauliza kitu.

Programu ya anayeanza haihitaji akili nyingi. Siku 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Siku A: skwati, benchi (kulala chali na kusukuma baa kutoka kifuani), dedilifti (kuinua baa kutoka sakafuni). Siku B: skwati, kusukuma baa juu ya kichwa, kuinama na kuvuta baa tumboni. Zote seti 3 za mara 5, dedilifti seti 1 ya mara 5 inatosha. Skwati inaongezwa kilo 2.5 kila siku ya mazoezi, dedilifti inaweza kupanda kwa 5 mwanzoni, benchi na kusukuma juu 2.5, baadaye hata 1. Ukishindwa kumaliza uzito uleule siku 3 mfululizo, punguza asilimia 10, halafu anza kupanda tena. Kabla ya kupunguza angalia usingizi na sahani yako ya chakula, maana mwingine anakwama kwa chai na chapati. Ukikosa wiki nzima kwa safari au homa, rudi na asilimia 10 pungufu, usianze upya. Ramadhani fanya baada ya futari, punguza seti, uzito uubakize karibu na ulipokuwa.

Kupasha mwili moto pia kuna utaratibu wake. Skwati yako ya leo ikiwa kilo 70, anza na baa tupu mara 5, rudia, kisha 40 mara 5, 50 mara 3, 60 mara 2, ndipo 70. Baina ya seti nzito pumzika dakika 3 hadi 5. Hapo ndipo kocha anakuja kupiga makofi, "usikae, usikae, mwili unapoa!" Mwache mteja akae. Ukimnyima pumziko, seti ya tatu inaanguka kwa kukosa pumzi wakati miguu ingeweza.

Sasa baa zenyewe. Baa kamili ya mwanaume ni kilo 20, urefu mita 2.2, na masikio yake ya kuvalia pleti yana kipenyo cha mm 50. Ya wanawake ni kilo 15. Ndani ya gym moja unakuta hiyo ya 20, unakuta nyembamba fupi ya kilo 8 au 9, na bomba lililochomelewa mtaani ambalo uzito wake anaujua fundi na Mungu. Kocha anakwambia zote "hesabu 20". Kwa hiyo Jumatano mtu anaandika kilo 60 akiwa amebeba 49, Ijumaa anapata baa ya kweli, anazimika chini, anaambiwa amelegea. Mizani ya bafuni inatosha kumaliza huu upuuzi: pima kila baa, andika uzito kwa rangi kwenye ncha yake. Kazi ya nusu saa!

Dedilifti ndiyo inanipandisha presha. Pleti kubwa zina kipenyo cha sm 45, hivyo baa inakaa sm 22.5 kutoka sakafuni. Ukimvalisha mtu vipleti vidogo vya chuma, baa inashuka hadi karibu na vifundo vya miguu, mgongo unajikunja kabla hajavuta, kisha mnasema dedilifti inaharibu mgongo. Wekeni mbao au pleti nyingine chini, baa ifike kimo chake. Baa ikae juu ya katikati ya unyayo, sm 2 au 3 kutoka kwenye ugoko. Shika bila kuisogeza, leta ugoko uiguse, inua kifua, jaza hewa tumboni na ubane, sukuma sakafu, baa ipande ikikwaruza miguu. Ikienda mbele, mgongo ndio unalipa. Na vueni hizo raba za kukimbilia, soli laini inayumba.

Skwati: hiyo amri ya "magoti yasipite vidole" kufeni nayo huko. Mwenye mapaja marefu ukimzuia magoti anainama kama anatafuta shilingi, mzigo wote unahamia kiunoni. Magoti yafuate uelekeo wa vidole, vidole vitazame nje kidogo, kisigino kisinyanyuke, nyonga ishuke chini ya usawa wa goti. Vyuma vya usalama vya raki (ile fremu ya kuwekea baa) viwekwe sm chache chini ya pale baa inapofika ukiwa chini kabisa. Raki yenye matundu yaliyopinda kiasi kwamba vyuma haviingii si raki.

Benchi nitasema moja tu: kidole gumba kizunguke baa. Na anayekushikia aache kuivuta baa tangu mara ya kwanza akipiga kelele "yote yako!". Huko ni kumdanganya mtu kwenye daftari lake.

Kwa anayesubiri gym yake ibadilike: nunua mnyororo duka la vifaa vya ujenzi, wakukatie vipande viwili, pima kwenye mizani ya muuza nafaka hadi kila kimoja kiwe kilo 1.25. Kizungushe kwenye sikio la baa kigusane na pleti, funga klipu kwa nje kisicheze. Weka kwenye begi, utaondoka nacho.

Wenye gym, jozi mbili za 1.25 haziwezi kuzidi bei ya hivyo vioo. Anayezo aseme hapa yuko mtaa gani. Kocha anayetetea "kushangaza misuli" naye aje, ila aje na daftari la mteja wake mmoja la miezi 3.

Mods, msiunganishe na ule uzi wa kupunguza kitambi.