Ganguly rais wa BCCI (Bodi ya Kriketi ya India) alikuwa muhuri tu, acheni kumpamba

Wakuu, kila uzi wa kriketi humu lazima aibuke mtu wa kumsifia Sourav Ganguly, nahodha wa zamani wa India, eti kiongozi bora ndani na nje ya uwanja. Ndani, sawa. Nje ya uwanja mnatufanya watoto.

La uwanjani tulimalize mapema maana najua mtalikimbilia. Alipewa unahodha mwaka 2000, India inanuka kashfa ya kupanga matokeo. Mwaka huohuo akaja Nairobi, uwanja wa Gymkhana, kwenye mashindano ya Baraza la Kriketi la Dunia (ICC), akapiga mikimbio 141 bila kutolewa dhidi ya Afrika Kusini kwenye nusu fainali, kisha 117 kwenye fainali, ingawa Chris Cairns wa New Zealand aliwapokonya kombe. Yuvraj Singh na Zaheer Khan walianza kuichezea India kwenye mashindano hayohayo. Na sisi Wakenya Durban 2003 hatuisahau: nusu fainali ya Kombe la Dunia, jamaa kapiga 111 bila kutolewa, safari ya nahodha wetu Steve Tikolo na wenzake ikaishia hapo. Iliniuma, lakini nilimvulia kofia. Huyu ndiye aliyevua jezi na kuizungusha hewani kwenye roshani ya uwanja wa Lord's, London, mwaka 2002, Waingereza wakabaki wamenuna. Hakuwa wa kumuogopa mtu.

Sasa niambieni alikwenda wapi huyo mtu baada ya Oktoba 2019.

Alipita bila kupingwa kuwa rais wa Bodi ya Kriketi ya India. Jambo la kwanza alilolitangaza ni kwamba kipaumbele chake ni wachezaji wa kriketi ya ndani, wale wanaocheza majimboni na hawajulikani. Vizuri sana. Ikaja korona. IPL ya 2020, ligi ya pesa nyingi ya India, ikapakiwa kwenye ndege, ikachezwa Dubai, Abu Dhabi na Sharjah, pesa ya televisheni ikaingia. Ranji Trophy, ambayo ndiyo mashindano ya hao wachezaji wake wa kipaumbele, msimu wa 2020/21 haikuchezwa kabisa. Haijawahi kutokea tangu ianzishwe miaka ya 1930! Mchezaji wa Ranji analipwa kwa mechi, asipocheza, halipwi. Fidia ya nusu ya malipo ya mechi ilikuja kutangazwa Septemba 2021. Bodi tajiri kuliko zote duniani, halafu nusu, tena kwa kuchelewa. Msiniambie korona ilizuia kila kitu, kwa IPL njia ilipatikana.

Halafu la Virat Kohli, nahodha wa India wakati huo, hili ndilo linalonichemsha damu. Desemba 2021 Kohli anavuliwa unahodha wa mechi za siku moja. Ganguly anawaambia waandishi kwamba walimuomba Kohli asiache ule wa T20, mechi fupi za ova ishirini. Wiki iliyofuata Kohli anaketi mbele ya kamera na kusema hakuna aliyemuomba abaki, na kwamba habari za mechi za siku moja alipewa saa moja na nusu tu kabla ya kikao cha kuteua timu. Mmoja wao hakusema kweli. Rais akajibu nini? Kwamba hana tamko, bodi italishughulikia. Na huyu ni mtu ambaye mwaka 2005 barua pepe ya kocha Greg Chappell kwenda bodi ilivuja, akachafuliwa gazetini, akapoteza unahodha. Anajua maumivu yale kuliko mtu yeyote India. Akamfanyia mwenzake vilevile.

Wanaosema hakuwa na nguvu, basi hiyo ndiyo hoja yangu. Katibu alikuwa Jay Shah, mwana wa waziri wa mambo ya ndani, Amit Shah. Katiba ya bodi iliwataka viongozi wapumzike baada ya miaka sita mfululizo. Bodi ikaenda Mahakama ya Juu ya India kuomba kipengele kilegezwe, na wao wakaendelea kukalia viti huku kesi ikisubiri. Septemba 2022 mahakama ikakubali. Oktoba 18, mwezi mmoja tu baadaye, Ganguly nje, Roger Binny ndani, na Shah? Yuleyule, ukatibu uleule. Desemba 2024 kawa mwenyekiti wa ICC. Kwa hiyo ule mlango, rais wetu aliusukuma kwa faida ya nani?

Septemba 2025 karudi kuwa rais wa chama cha kriketi cha Bengal, bila kupingwa tena, na humu mnapiga vigelegele. Mwenye kujua jambo hata moja ambalo Ganguly alimpinga Shah hadharani katika ile miaka mitatu aliandike hapa chini, na tarehe yake. Msiniletee tena picha ya roshani ya Lord's.