Naomba ushauri: kutenganisha fuwele za tartarati kwa njia ya Pasteur

Ndugu wanakemia, habari za kazi. Ninawaandalia wanafunzi wangu hapa Tanga jaribio la Louis Pasteur la mwaka 1848, la kutenganisha kwa kibano fuwele za tartarati ya sodiamu na amoniamu (chumvi ya asidi ya tartariki) zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Ninatumia asidi ya tartariki ya rasemi (mchanganyiko sawa wa upande wa kulia na wa kushoto), si ile ya zabibu yenye upande mmoja tu.

Kikwazo ni joto. Chumvi hii hutoa fuwele za aina mbili zilizojitenga pale tu inapojiunda chini ya nyuzi joto 27 hivi za Selsiasi, na maabara yetu mchana huzidi hapo. Nimejaribu jokofu, lakini fuwele hutoka ndogo mno, zimeng'ang'aniana, na vile vinyuso vya pembeni vinavyotofautisha kulia na kushoto (ndivyo hasa ninavyotamani wanafunzi wavione) havionekani hata kwa kioo cha kukuzia.

Je, kuna njia nafuu ya kudumisha nyuzi 20 hadi 25 kwa siku kadhaa bila kiyoyozi? Na nikiutia mmumunyo mbegu ya fuwele iliyotokana na asidi ya zabibu, niitoe baada ya muda gani ili nivune za upande wake kabla za upande wa pili hazijaanza kutoka?