MREJESHO: Muda wa kuvua nimeupata

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza mtu wa Dar anayefanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi mchana, mwenye mke na watoto wawili, aupate wapi muda wa kwenda kuvua kwa mshipi. Wengi mliniambia niache kupanga kwa siku, nipange kwa maji kujaa na kupwa. Asanteni sana.

Kosa langu lilikuwa kung'ang'ania Jumapili nzima. Nilikuwa natoka asubuhi, nakuta maji yamekupwa, nakaa hadi jioni, na nyumbani wamenuna, kwa haki kabisa. Sasa naangalia mwezi. Ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na huku kwetu maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo nachagua alfajiri mbili tu kwa mwezi, namwonyesha mama watoto kwenye kalenda mapema, naye ndiye anayeziwekea alama. Saa mbili asubuhi nimesharudi, chai tunakunywa pamoja.

Chambo, ngisi, nakikata usiku na kukiweka kwenye friji. Hilo peke yake limeniokolea karibu saa nzima.

Juzi nilikwenda na kijana wangu wa miaka tisa, Kigamboni. Tulipata samaki wanne aina ya changu, mmoja kamvuta mwenyewe. Njia nzima kwenye kivuko alikuwa ameikumbatia ndoo.