Ndugu wa Houblon waliingiaje kwenye siasa za London?

Swali: Wadau, ukoo wa Houblon ulitokana na wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Lille, mji ulioko leo kaskazini mwa Ufaransa. Walipandaje hadi serikalini?

Jibu la 1: Kwa ngazi za uongozi wa Jiji la London. Enzi hizo hukuwa meya bila kwanza kuwa mwanachama wa chama cha biashara. John Houblon, mmoja wa ndugu hao, alikuwa kwenye chama cha wauza viungo, mwaka 1689 akawa diwani na sherifu, 1695 Meya. Katikati hapo, 1694, akawa gavana wa kwanza wa Benki ya Uingereza.

Jibu la 2: Na hapo benki ndipo penye uzito. Benki iliikopesha serikali pauni 1,200,000 za vita na Ufaransa. Riba ya 8% ni 96,000. Ongeza 4,000 za uendeshaji, unapata 100,000 kamili kila mwaka, zikilipwa kutokana na ushuru wa meli na vinywaji. Ndugu watatu, John, James na Abraham, wote walikuwemo kwenye bodi ya kwanza. Serikali gani ingewapuuza?

Jibu la 3: Angalizo kwa wanaopekua nyaraka: kuna James Houblon wawili. Baba wa ndugu hao alifariki 1682. Mbunge wa Jiji aliyechaguliwa 1698 ni mwana, Sir James, aliyefariki 1700.