Hizi emisyo za kutengeneza makamio ku tele ni kweli ao ni muchezo? Patro anataka Howo yake mu siku saba

tolie_belair
Bandugu jambo yenu. Mi niko tolie na pentre, mwenye kunyoosha tole (bati za magari) na kupiga rangi, huku Lubumbashi, tuko paka bantu bane mu garaji, mi na ba petit batatu. Niko na kliya moja wa siku mingi, mzee wa heshima, makamio yake inapelekaka shaba ku Kasumbalesa, na analipaka vizuri, ju ya ile sitaki kumukosa. Shida yake ni tele. Kila magaribi eko mbele ya tele ya Canal anaangalia bale Bamarekani benye banatengenezaka makamio, kamio inaingia ya kuoza, miziki inapiga, moto ya sude inaruka, reklame, kisha gari inatoka inangaa sawa kioo, shofere analia, bote banapiga mikono.

Sasa akaniita kwake, ananionyesha Howo moja, kamio ya Bachina, yenye ilianguka ku barabara ya Likasi, kabine imekunjamana ku kona ya kuume, mulango banaifungaka na kamba ya mupira. Anasema minataka itoke sawa zile za ku tele: kromu mbele, kofia juu ya kioo, malampe ya LED ku mbavu, pentire nyekundu, na bomba mbili za moshi zenye kusimama juu sawa mapembe. Siku saba. Nikamwambia papa, ile ni sinema. Akakasirika, anasema hapana, bale ni bantu ba kweli, garaji yabo iko na adresi.

Ni hapo naomba ushauri kwa benye banajua. Bale bantu banamalizaka kweli mu siku saba? Ile faida banaandikaka ku mwisho ni faida ya kweli? Na nimwambie huyu mzee namna gani, ju nikisema haiwezekane, kuko vijana ku Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, balisha kumwambia inawezekana.

viye_sudere
Mwana, mzee yako hajadanganya na we pia haujadanganya. Garaji ni za kweli. Chukua Trick My Truck, ile ya tele CMT ya mwaka 2006, mafundi bayo, bale ba Chrome Shop Mafia, ni bantu ba Joplin, ku Missouri, kwabo kuko magazini ya kromu na piesi za makamio inaitwa 4 State Trucks, ni biashara kabisa, kamera ikuwe ao isikuwe. Mikono ni ya kweli, sude ni ya kweli. Kyenye banakufichaka ni saa.

Siku moja angalia na huyo mzee, ukate sauti, musiangalie gari, muangalie bantu. Fundi anashika mulango, ndevu zake ni fupi. Banakata, banarudi, mulango ni ule ule, ndevu zimeshafika ku shingo. Ao angalia mulango yenyewe: iko na mastike ya kijivu ya kujazia mashimo, haijasuguliwa bado, reklame ya sabuni inapita, unarudi iko na verni. Ile reklame njo ilifanya kazi yote.

Benye balikuwa bakubwa kidogo banakumbuka Pimp My Ride ya MTV, ya Xzibit, 2004 mupaka 2007. Mwaka 2015 gazeti ya ku internet HuffPost ilitafuta bantu benye balipewaka magari mule. Balieleza kama gari ilikaa mu garaji myezi, si siku, na bintu bingine byenye byalionekana ku tele biliondolewa kisha ya kufilime. Bengine motere ilibakia na magonjwa yake ya zamani. Ni kawaida, motere haionekanake muzuri ku kamera, skrini ya tele mu bute ya nyuma inaonekana.

Ile ya Chip Foose, Overhaulin', pale ndiyo, siku saba ilikuwa sheria ya muchezo. Lakini hesabu mikono! Kundi nzima, usiku na muchana, plan imeshachorwa, piesi zimeshafika kumpala gari iingie. We uko na ba petit batatu na umeme ya SNEL yenye kukatika-katika.

mama_piesi
Papa sudere ameongea. Mi niongeze ya piesi, ju mi njo ninauzishaka. Zile emisyo ni sawa mapishi ya ku tele, kitunguu kimeshakatwa kiko mu kibakuli, nyanya iko mu kingine, mama anamwaga tu anasema dakika kumi. Nani alikata kitunguu? Haumuone.

Na musisahau gari zenyewe. Bamarekani banapambaka Peterbilt 379, Kenworth W900, zenye pua murefu, na kwabo kuko katalogi nzima ya gari ile: pareshoki ya kromu, kofia ya juu ya kioo, bomba, sanduku ya batri, yote imeshatobolewa matundu ya bulo. Unapasua karto, unafunga na ufunguo, basi. Kwa siku moja unaweza kuvalisha mbele yote. Howo haina pua, na huku kwetu hauwezi kuingia mu magazini ukasema nipe kofia ya kromu ya Howo, banatakucheka. Utakata inox mwenyewe, ukunje, upolishe. Ile njo inakula siku.

Kwa makuta: piesi mingi za emisyo zinatoka kwa makampuni yenye kutaka jina yabo ionekane. Patro yako atakulipia yeye mwenyewe, ao kuko kampuni itakuletea LED ya bure kwako ku Bel Air? Na ile faida ya ku mwisho, angalia Wheeler Dealers ya Baingereza. Banaandika bei ya gari, bei ya piesi, bei ya kuuzisha. Saa za fundi hakuna mahali. Edd China, ule murefu mwenye alikuwa anafanya kazi, aliacha mwaka 2017 akasema wazi kama bakubwa ba emisyo balitaka kupunguza sehemu za garaji, ju zilikuwa nguvu kufilime. Yaani kitu chenye mi nilikuwa naangalia peke yake njo balitaka kukata. Kwa hiyo ku devi yako, ile karatasi ya bei, saa za ba petit bako ziandikwe, usione haya.

shofa_tunduma
Wakuu habari. Mimi dereva, natoka Dar napita Tunduma na Nakonde kuja huko kwenu, sasa hivi nipo foleni hapa mpakani kwa hiyo muda wa kuandika ninao. Mleta mada, hivi mwenye kuendesha hiyo Howo ameulizwa? Maana bosi anaangalia tivii, dereva anaangalia mashimo. Bampa ya kromu iliyoshushwa chini kama zile za Marekani itabaki njiani safari ya kwanza. Taa nazo, ukizipanga ubavu mzima kumbuka gari ni volti 24, weka rilei na fyuzi yake, usinyonye umeme kwenye waya wa taa ndogo, nimeshaona gari inateketea nyaya usiku porini kwa sababu ya fundi wa mapambo na hakuna hata ndoo ya mchanga karibu.

Halafu muulize dereva anataka nini. Atakwambia mlango ufunge, mvua isiingie kitandani, kiti kisimvunje mgongo. Hayo hayaonyeshwi, lakini ndiyo tunayolia nayo sisi. (Na hiyo Kenya yenu ya Lubumbashi inanichanganya kila nikija.)

petit_katuba
Mbona munabomoa tu? Mi nilijifunzaka kukunja tole ku zile video, ju bazee bengi habapende kutuonyesha kazi, banatutuma tu kuleta maji na kufagia. Na siku saba inawezekana kabisa kama ni kabine na pentire. Sisi tunapigaka rangi asubui, magaribi gari inatoka.

viye_sudere
Inatoka ndiyo, petit, na inarudi. Mastike ikiwa nene na haijakauka muzuri, ukifunika na apre (rangi ya chini) na rangi siku ile ile, diliya, ile maji ya kupunguza rangi, inabakia ndani, jua ya mwezi wa kumi ikipiga inatafuta njia ya kutoka, unaona mapele ku mulango muzima. Bale ba ku tele beko na shumba ya rangi yenye moto ya digri 60, verni inakauka mu nusu saa hivi. Sisi tunakausha na hewa, na kiangazi vumbi nyekundu inakuja kulala juu ya verni kabisa. Ju ya ile mi napigaka verni asubui mapema, chini imemwagwa maji, kumpala magari ianze kupita.

Ya kujifunza uko na haki, na kweli bazee bengine ni bachoyo. Mi pia niliiba kitu ku zile emisyo: namna bale bantu banatembezaka pistole, mukono hauzunguke, unakwenda sawasawa na tole mupaka mwisho, kisha unaachilia kumpala ya kurudi. Ile hawawezi kuidanganya.

kolwezi_dizeli
Hakuna mwenye amegusa bomba za moshi. Bomba za kusimama peke yake hazina neno, ni bomba tu, ukizifunga vizuri zisitetemeke. Muulize mzee kama anataka na ule moshi mweusi. Diesel Brothers ya Discovery, bale bana ba Utah benye mapikapu ya dizeli, mwaka 2020 jaji wa kule alibapiga faini ya zaidi ya dola 800,000, ju balikuwa banatoa bintu byenye kupunguza moshi na kuuzisha magari ile namna. Benye balibashitaki ni madaktari ba Utah. Balikata rufaa, na hata rufaa haikubasafisha.

Lakini jaji wa Utah hatamwogopesha patro wa Lubumbashi. Mwambie hivi: moshi mweusi ni mazuti (dizeli) yenye haikuungua, ni makuta yake njo inaruka juu. Mwenye transport anaelewaka ile mbio sana.

tolie_belair
Aksanti bote, na mama wa piesi zaidi. Nilirudi kwake. Sikumwambia tena ni sinema. Nilimuuliza papa, hii Howo inaweza kulala bila kubeba muda gani? Akanyamaza, akaita mukarani wake, bakaanza kupiga hesabu ya mizigo beko bawili, mi niko pale nanywa tu Fanta. Kumbe ile kamio ya ku tele haina muzigo inaingojea.

Tukapatana: kwanza kabine inyooke, mulango ifunge, pentire, na hatukuandika siku saba, tuliandika itatoka ikikauka. Gari irudi kubeba. Kofia ya inox nitaitengeneza gari ikiwa ku barabara, ju nitakuwa nilishachukua vipimo, tutakuja kuifunga siku yenye inapita. Pareshoki ya chini ameacha, shofere wake alikuwa pale, alicheka. Moshi pia ameacha, kisha ya ile maneno ya mazuti. Malampe hakuacha hata moja.

Papa sudere, inox ya kofia niweke milimita ngapi? Na niishike wapi, ju kabine ya Howo inainamaka mbele?

viye_sudere
Moja na nusu. Ukiweka milimita 1 itapiga ngoma njia yote, 2 ni uzito ya bure. Usiisude ku kabine, weka bulo, na katikati ya inox na tole utie kipande cha mupira. Matundu yote uyafunge na silikone, ule shofa wa Tunduma alisema ya mvua ku kitanda. Kumpala ya kutoboa, shika kofia na kamba, inamisha kabine mupaka mwisho uone inafika wapi, usikute siku ya pane inagusa ukuta. Na ku zile bomba, kama utasude kitu ku shasi, toa waya za batri kwanza.

mama_piesi
Malampe kuja kuchukua kwangu. Za volti 24, si zile banakuuzishiaka za pikipiki.