Nimekuza ndege ya karatasi, Q400, kutoka 1:100 kwenda 1:50, vipande vinagoma kushikana

Wakuu, habari za jioni. Niko Nkuhungu, Dodoma. Nilichora mwenyewe Q400, zile za ATCL (Air Tanzania) zinazotua hapa kwetu, kwa skeli ya 1:100. Ndege halisi ina urefu wa mita 32.8, yangu ikatoka sentimita 32.8, ikakaa vizuri kabisa. Mwanangu akataka kubwa ya kuning'iniza sebuleni. Nikakuza kila kitu asilimia 200, nikaprinti steshenari kwenye manila, kurasa chache nikamalizia kesho yake. Sasa mbavu za ndani nilizokata kwenye boksi gumu zinacheza kwenye mipasuo yake, masikio ya gundi (vile vipande vya pembeni vya kupaka gundi) yanavimba puani mwa ndege, na pete moja ya bodi ni fupi kuliko mwenzake kwa milimita 5. Manila nane zimeshaharibika. Nakosea wapi?

Jibu 1
Mkuu, umekuza mchoro, unene wa boksi umeuacha uleule. Mpasuo wa milimita 1 sasa ni 2. Gundisha boksi mbili ziwe moja, au chora mipasuo upya. Masikio yapunguze yabaki milimita 5 hivi, na puani yakate meno meno ndipo yapinde. Angalia pia ukanda wa ndani unaounga pete mbili: kama ulipunguza milimita 2 kwa ajili ya unene wa manila, sasa zimekuwa 4, lazima ulegee. Kuza umbo tu. Chochote kinachotokana na unene wa karatasi kipimwe upya.

Jibu 2
Hiyo pete fupi ni printa. Bodi ya Q400 ina kipenyo cha mita 2.69, kwa 1:50 ni milimita 53.8, zidisha kwa 3.14 unapata mzunguko wa 169. Yako ina 164, yaani asilimia 97. Siku ya pili watu wa steshenari waliruhusu mashine ibane mchoro uenee ukurasani. Kila ukurasa chora mstari wa milimita 100, uupime kwa rula kabla hujashika mkasi.

Jibu 3
Kaka, manila ikiwa ileile, uzito umepanda mara nne na mbawa zitalegea. Pitisha vijiti vya mishikaki ndani ya bawa, vipishane juu ya bodi. Bawa la Q400 liko juu, havitaonekana.

Mleta uzi
Mstari sikuwa nao, ila dirisha lililopaswa kuwa milimita 10 baada ya kukuza linasoma 9.7. Asanteni sana wakuu. Kesho narudi steshenari na rula yangu, vijiti nampitia mama muuza mishikaki wa Majengo.